Cheti cha Mjakaranda Kimeandikwa Jina la Mke Wangu

Osman Osundwa,
Duka la Rejareja, karibu na mashine ya kusaga mahindi,
Soko la Mayoni, Matungu.

11 Novemba 1996

Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Miti ya Mapambo,
Kakamega.

Ndugu Mwenyekiti Onesmus,

KUH: CHETI KILICHOPOTEA NJIA YA KWA MWENYEWE

Assalamu alaikum. Kama salamu hii si ya upande wako, ipokee hivyo hivyo, kwa kuwa amani haiulizi mtu anaswali wapi. Mimi ni mzima, duka ni zima, na mti ambao ndio chanzo cha barua hii umechanua mpaka mbuzi wa jirani wanalala juu ya maua ya zambarau kama maharusi.

Nina malalamiko sita na ombi moja. Nimeyatia namba kwa sababu katika ujana wangu nilikuwa karani wa mizani ya miwa kwa misimu miwili, na huko nilijifunza kwamba trekta lisilo na namba halijulikani lilikotoka wala linakokwenda. Malalamiko nayo ni vivyo hivyo.

Kwanza nieleze yaliyotokea, kwa faida ya wajumbe wako ambao hawajawahi kufika Mayoni. Mwezi wa tisa kamati yako ilitangaza mashindano ya mti mchanga wa mapambo, usiozidi miaka minane, uliopogolewa na kuelekezwa vizuri. Mimi nina mjakaranda mbele ya nyumba, wa miaka saba. Nikajaza fomu, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Ukamtuma Bi. Kageha, mwamuzi, akaja na daftari, tepu ya kupimia na viatu vya mvua. Akauzunguka mti saa nzima, akanywa chai, akaenda zake. Alhamisi iliyopita cheti kikaletwa. Mimi nilikuwa msikitini, kwa hivyo aliyekileta alikiacha kwa jirani yangu Jamal, fundi cherehani, mtu ambaye Mwenyezi Mungu hakumpa mali wala nywele ila alimpa sauti. Jamal akapanda juu ya kiti chake akakisoma kwa soko zima: "Mshindi wa Kwanza, Zeituni binti Abu." Akakisoma mara ya pili kwa ajili ya wale waliokuwa upande wa nyanya.

Zeituni ni mke wangu, mama wa binti yangu Khadija. Sina neno naye. Tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili, na katika muda huo amenikosea mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuja kubainika kwamba aliyekosa ni mimi. Lakini haki ni haki hata kama ni ya mume. Sasa nianze.

1. Mti ni wangu kwa sababu niliupanda mimi.

Wewe ni mtu wa Kakamega, kwa hivyo sina haja ya kukufafanulia kama mgeni aliyeshuka juzi. Huku kwetu mwanamke hapandi mti. Anapanda mahindi, maharagwe, kunde na mrenda, na anapanda maua kando ya mlango. Mti ni alama ya mwenye shamba. Tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamke akichimba shimo akapanda mti, mume wake hufa. Sheikh wetu amesema mara nyingi kwamba hayo ni maneno ya ushirikina, nasi humwitikia vizuri sana, kisha tunarudi nyumbani na kuwanyang'anya wake zetu miche.

Basi tazama, Ndugu Mwenyekiti. Mwanamke akipanda mti, mume hufa. Mimi sijafa. Kwa hivyo mti nilipanda mimi. Nimeigeuza hoja hii kila upande na sijaona ufa.

Kama kamati inahitaji maelezo zaidi, niliupanda mvua za masika mwaka wa 1989. Nilichimba shimo. Lilikuwa shimo la duara, kama yalivyo mashimo mengi. Nikaweka mche, sehemu ya mizizi ikiwa chini. Nikafukia. Sikumbuki mengine kwa sababu mtu mwenye shughuli nyingi hakai akihesabu makoleo.

2. Bi. Kageha hakuuliza maswali ya haki.

Siku ile nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Idd. Nikasimama chini ya mti kama anavyotakiwa kusimama mwenye mti. Mwamuzi wa kweli angeuliza: shamba hili ni la nani? Baba yako ni nani? Mpaka uko wapi? Maswali hayo nayajua na majibu yake nilikuwa nimeyakariri.

Badala yake alionyesha mahali palipokatwa tawi akaniuliza kwa nini halikukatwa likalingana na shina kabisa, na kwa nini pia hakikuachwa kigingi kimechomoza. Nikajibu kwamba ni ili mti upumue. Akaandika kitu kwenye daftari, kifupi sana. Akauliza tawi zito hukatwa kuanzia juu au chini. Nikasema juu, kwa sababu panga hushuka kwa uzito wake, nalo hilo halihitaji shule. Hapo nikasikia mtu akikohoa mlangoni pa jikoni.

Alikuwa Zeituni, na sinia la chai mkononi. Bi. Kageha akamgeukia, na Zeituni, bila hata kuweka sinia chini, akasema: "Unaanzanga chini kidogo, unakata kama robo. Halafu unaenda juu, mbele ya hapo, unakata likaanguka. Halafu ndio unatoa kile kigingi, lakini unaacha ile shingo yake imevimba. Ukikata juu peke yake, linaanguka na ngozi ya mti. Baba Khadija alifanyanga hivyo mwaka ule mwingine."

Tangu hapo Bi. Kageha hakunitazama tena. Walizunguka mti wawili hao, wakiongea kama watu waliosoma darasa moja, na mimi nikaachiwa sinia. Nalalamika rasmi kwamba mwombaji aliyejaza fomu aliachiwa sinia.

3. Historia yangu ya kupogoa haikuzingatiwa.

Ripoti ya Bi. Kageha, ambayo iliambatanishwa na cheti na ambayo Jamal aliisoma pia, inasema mti huu "umeokolewa mara kadhaa na mikono yenye subira". Haisemi umeokolewa kutoka kwa nini. Naomba kujaza pengo hilo, ili ionekane kwamba kama si juhudi zangu, hiyo mikono yenye subira isingepata kazi.

(a) Mwaka 1991 mti ulianza kuinama upande wa barabara. Samaki mkunje angali mbichi, nami nikamkunja. Nilisimika chuma, nikaufunga mti kwa waya wa seng'enge, nikakaza kwa koleo mpaka ukalia. Nilifanya kazi hiyo siku ya soko, saa nne asubuhi, watu wengi wakipita. Baada ya miezi mitatu waya ulikuwa umezama ndani ya ganda. Zeituni akautoa polepole kwa kisu cha mboga, akasimika vijiti viwili, kimoja kila upande, akaufunga kwa vipande vya leso iliyochakaa, akivizungusha mfano wa namba nane, huku akiacha nafasi mti uyumbe. Nikamwambia kitu kikifungwa kinapaswa kutulia. Akasema, "Upepo ukiutingisha ndio shina linanenepanga." Mwaka uliofuata akavitoa hata vile vijiti, na shina kweli likanenepa. Kwa maoni yangu lilinenepa kwa sababu ya hofu ya ule waya.

(b) Mwaka 1992 mti ulitoa vichwa viwili, vimesimama bega kwa bega, kila kimoja kinataka kuwa juu ya mwenzake. Mwaka ule, kama unavyokumbuka, nchi nzima ilikuwa na habari za namna hiyo, za vyama na wagombea, nami sikutaka lawama. Zeituni alisema kimoja kitolewe mapema kingali chembamba, ama siku moja upepo utaupasua mti katikati. Mimi nikaona njia ya kutopendelea upande wowote ni kuvikata vyote viwili usawa wa kichwa changu. Nikavikata kwa panga, siku ya soko. Watu wawili walipiga makofi. Kufika mvua za vuli mti ulikuwa umetoa vichwa kumi na viwili, vimesimama wima kama ufagio uliogeuzwa.

Zeituni aliugojea mwezi wa kwanza, kukiwa kukavu, akachagua kichwa kimoja, akapunguza vingine vichache. Mwaka uliofuata vichache tena. Alisema ukivitoa vyote kwa pamoja mti unachanganyikiwa, unatoa vingine kwa hasira. Bi. Kageha ameyaita hayo maarifa. Mimi nayaita kuchelewesha kazi, na niliyaita hivyo mbele ya watu.

(c) Mwaka 1993 nilikata matawi yote ya chini mpaka usawa wa kifua ili wateja waone duka vizuri kutoka barabarani. Ilibaki fimbo ndefu yenye kofia ya majani, na ganda lake likaanza kubabuka kwa jua. Zeituni akalifunika kwa majani makavu ya mgomba. Vitawi vilipochipuka upya chini hakuviondoa, alivifupisha tu, akisema hivyo ndivyo vinavyolisha shina mpaka likomae, kisha vitatoka kimoja kimoja. Sasa hivi havipo tena, na hakuna aliyeona vilipotoka. Nauliza: kazi isiyoonekana na watu inashindaje mashindano?

(d) Misumari minne ya kibao cha duka. Ilikuwa misumari mizuri. Sitaeleza zaidi.

4. Hoja ya kwamba huu si mti ni ya kuchekesha.

Nilipomwandikia Bi. Kageha kijikaratasi cha kumkumbusha mila, alijibu kwa upole kwamba mjakaranda ni mmea wa mapambo, na kwa watu wengi wa sehemu hizi mapambo ni maua, na maua wanawake wanapanda. Kwa hiyo, alisema, hata kwa mila yenyewe hakuna kosa.

Ndugu Mwenyekiti, ua ni kitu unachoweza kukiruka. Ua halidondoshi majani juu ya mabati. Ua halihitaji ngazi. Mti wangu umeipita nyumba, umeipita antena ya Jamal, na ukikaa chini yake saa saba mchana unaweza kulala usingizi wa haki. Huo ni mti. Nakubali kwamba ulipokuwa mdogo, ndani ya mkebe, uliitwa ua na kila mtu, nami nikiwemo. Kuna siku unalala ukiwa ua na kuamka ukiwa mti, na siku hiyo ndiyo majirani huanza kuuliza maswali. Lakini hayo si ya barua hii.

5. Suala la thawabu.

Hapa naomba wajumbe wasiokuwa Waislamu wanivumilie. Dini yetu inafundisha kwamba mtu akipanda mti, na ndege au mnyama au binadamu akanufaika nao, huyo aliyepanda huandikiwa sadaka. Mti huu una ndege wasiopungua thelathini jioni. Una nyuki. Una wazee watatu wa kudumu kwenye kivuli na abiria wengi wa kupita. Kwa hesabu yangu ya karani wa mizani, nimekuwa nikijiwekea akiba ya sadaka tangu 1989 bila kunyanyua mkono, na kutokana na akiba hiyo nimejiruhusu mapungufu madogo madogo, kwa mfano kuikosa sala alfajiri za mvua.

Sasa kamati yako imeandika jina jingine kwenye karatasi yenye muhuri. Sina hakika malaika wanaoandika wanafuata mihuri ya Kakamega, lakini sitaki kukisia katika jambo zito hivi. Mkiniondolea mti mtakuwa mmenirudishia zile alfajiri zote kwa mkupuo.

6. Hali yangu sokoni.

Jamal sasa ananiita Bwana Zeituni. Juzi mteja wa sukari, mtu mzima mwenye ndevu, alinisalimu hivyo kwa heshima kabisa, akidhani ndilo jina langu. Mama Navalayo, anayeuza mboga mbele ya duka langu, ameniuliza kama mke wangu ana nafasi Jumamosi akamwangalie mwembe wake. Wanawake wanne wa Matungu walikuja kwa miguu, wakasimama chini ya mti wakitazama juu, wakaniomba niwaitie mwenyewe. Nikasema mwenyewe ndiye mimi. Wakasema, kwa adabu, watangoja.

Fikiri hili litaishia wapi. Ikiwa mti ni wake, kivuli ni chake. Ikiwa kivuli ni chake, benchi lililo kwenye kivuli ni lake, nami ninayelikalia ni mgeni ndani ya boma langu, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Tayari amekwisha kuniambia ninyanyue miguu anapofagia maua. Kutoka hapo ni hatua moja tu wanawake wa Mayoni waanze kupanda miti wapendavyo, na kwa mujibu wa mila tuliyorithi, waume wataanza kupukutika mmoja mmoja, kuanzia Jamal, hadi soko libaki na wajane na vivuli. Serikali itakapotuma watu kuuliza wanaume wa Matungu walikwenda wapi, nitawaonyesha nakala ya barua hii.

OMBI

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nakubali kushindwa kabisa. Ninachokataa ni kushindwa na mtu tunayelala naye nyumba moja, kwa mti wangu, kwa fomu niliyoijaza mwenyewe. Kwa hivyo naomba yafuatayo:

Jina la Zeituni lifutwe kwenye cheti kwa kifutio kizuri kisichoacha alama, liandikwe langu. Bi. Kageha arudi, aniulize yale maswali ya mpaka na ya baba yangu, na majibu yaingizwe kwenye daftari. Mkasi wa kupogolea wenye mikono myekundu, ambao ndio zawadi, ukae kwangu siku za soko. Siku nyingine anaweza kuutumia yeye. Na kama hayo yote ni mazito, basi kamati ianzishe kundi jipya la Mwenye Mti, kwa ajili ya wanaume wanaomiliki miti inayotunzwa na watu wengine. Naamini washindani watakuwa wengi sana katika wilaya hii, lakini mshindi wa kwanza mnamjua tayari.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na watu wa Lurambi kwa jumla, maana shemeji zangu wengine wako huko na wakisikia nimesalimia wengine watauliza. Msalimie Bi. Kageha, ila umsalimie mwisho. Mwambie viatu vyake vya mvua viliacha tope kwenye mkeka, na Zeituni amekataa usafishwe haraka, anasema ni tope la mgeni wa heshima.

Wako katika kutetea haki za waliopanda,

Osman Osundwa,
Mpandaji.

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana, nikaiweka chini ya mizani ya sukari nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi Zeituni alikuwa ameketi kwenye gunia la chumvi akiisoma, kidole kikifuata mstari. Alisoma yote. Kwenye misumari alicheka. Kisha akaniambia: "Baba Khadija, cheti chukua. Mimi sikuwanga nataka cheti. Lakini hapo kwa namba moja, futa. Hiyo usiitume. Mwenyezi Mungu anaonanga."

Ndugu Mwenyekiti, sikuupanda mimi. Mche ule alipewa na dada yake wa Lurambi, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na sote tuliuita ua. Alichimba yeye, kwa jembe dogo, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa kwenye kiti barazani, nikamwambia ausogeze kidogo mbali na ukuta. Huo ndio mchango wangu wote, na nikisema kweli, ni ushauri pekee niliowahi kuutoa juu ya mti ule ambao ulikuwa sahihi. Miaka miwili baadaye ulipita paa, na Jamal akauliza mbele ya watu, ni nani aliyepanda mti huu? Niliuona uso wa mke wangu. Nikasema ni mimi. Na ukishasema mti ni wako inabidi watu wakuone ukiukata, ndiyo maana nikawa naukata siku za soko. Mengine umeyasoma.

Nilidhani nimembebea mzigo. Jana ndipo nilipojua kwamba miaka saba hii, kila nikikohoa, mke wangu anaacha alichoshika na kunitazama. Mwaka 1994 nilipougua homa ya matumbo, nikalala wiki tatu sijitambui, alitoka nje na panga akasimama mbele ya mti aukate. Aliamini ni yeye anayeniua. Hakuweza kuukata, akarudi kunikorogea uji, na tangu siku ile hakumwambia mtu mpaka jana. Mimi muda wote huo, nilipopona, nilikuwa nazunguka soko nikijisifu kwamba niko hai kwa sababu nilipanda mwenyewe. Niliona aibu, Ndugu Mwenyekiti, ambayo sijui inaandikwaje.

Kwa hivyo futa namba moja. Nyingine zote zimeegemea hiyo, nazo ziache zianguke. Ombi langu pia lifute. Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Jamal, soko likiwa limejaa, nikamwambia kwa sauti ni nani aliyechimba lile shimo. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama fundi anayenipima sanda. Mama Navalayo alisikia, akaacha kufunga mboga, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia anishike mkono aone una joto.

Cheti kibaki na jina la Zeituni binti Abu. Ila nakirudisha pamoja na barua hii, kwa kuwa nina nyongeza moja ndogo, na nataka iwe na muhuri wenu. Pale palipoandikwa kwamba aliutunza, ongezeni kwamba aliupanda. Na chini yake, kama pamebaki nafasi ya mstari mmoja, andikeni: mume wake yu hai. Wanawake wa huku wataelewa.